Vinasaba

Siku ya posa yangu, Kuze, sebuleni kwa mjomba,
waliuliza nasaba.
Babu wa babu ni nani, alitoka Siu au Faza,
nyanya aliolewa wapi, alizikwa wapi.
Mjomba akawahesabia hadi babu wa saba.
Wakaridhika, wakala halua.

Leo, Ganjoni, ghorofa ya pili,
daktari ametamka neno hilohilo, limepunguzwa:
vinasaba.
Nasaba ndogondogo, nikawaza,
zisizoletewa posa.

Mezani fomu, na kichupa cha kutemea mate.
"Huenda tukaona kitu. Huenda tusione."
Na kwamba kuona si kutibu.
Hilo alilisema mara mbili, akimtazama Msellem,
maana Msellem alikuwa ameshatoa kalamu.

Twalib yuko chini ya meza na vizibo vyake vya soda,
vyekundu kwa vyekundu, mstari hadi mlangoni.
Miaka sita. Neno lake ni moja, "feni",
na kila kizungukacho ni feni:
gurudumu la mkokoteni, mashine ya juisi ya miwa,
mimi, nikigeuka haraka jikoni.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.
Kwa methali hiyo nimechapwa miaka minne,
arusini, matangani, kwenye ngazi za nyumba yetu.
Nampa simu mno. Nilimwachisha ziwa mapema.
Nilipita makaburini magharibi na mimba ya miezi mitano,
tena kimya, bila hata salamu.
Basi nikasema moyoni: apimwe, apimwe hata sasa,
karatasi yenye muhuri iseme si malezi, ni damu.

Kisha nikakumbuka: lugha yetu haimwachi mtu.
Mtoto wa nyoka ni nyoka.
Ukiponyoka kwenye malezi, unadakwa kwenye damu.

Mama mkwe hahitaji kichupa. Yeye alishapima.
"Kwao," husema, kidevu kikielekea Kuze,
"si kulikuwa na yule Athmani?"
Kulikuwa naye. Ami yangu. Hakuoa,
hakupenda kuguswa,
alijua kila aliyefariki mtaani, siku na saa.
Nilikuwa nikikaa karibu naye, tusiseme,
na sikumbuki kwingine nilikopumzika vile.

Ruzuna, dada yangu, aliniuliza:
mkishajua, mtamrudisha wapi?
Mama Kadzo wa Bangladesh, mwenye binti kama Twalib,
alicheka tu. Pesa za kujua hana,
ana za nepi, na hizo hadi Jumatano.

Mate hayo yatapanda ndege.
Mimi sijapanda.

Na fomu ina swali la mwisho:
je, mnatarajia mtoto mwingine?
Mngependa naye achunguzwe?
Kisanduku cha ndiyo, kisanduku cha la.
Chini ya buibui langu yuko wa miezi mitatu
ambaye nyumba nzima haijaambiwa,
na tayari anaulizwa nasaba.

Nilimtazama Msellem.
Alikuwa ameilaza kalamu sambamba na ukingo wa fomu.
Akainyoosha. Akainyoosha tena.
Karani wa makontena, nambari za mwaka juzi zote anazo kichwani;
usiku wa arusi yetu, ngoma ilipoanza,
alijifungia bafuni, watu wakasema ni haya.
Nami nilisema ni haya.

"Nianze mimi," akasema.
Sauti haikuwa ya mtu anayejitolea.
"Mama asijue."
Akafungua kichupa, akatema, akatema,
kinywa kimemkauka.

Kifuniko kilidondoka.
Twalib akakiokota. Cheupe.
Mstarini hapana cheupe.
Akakigeuza, akakiweka mwisho, akakitoa,
akakiweka kati, akakitoa.

Daktari akanyoosha mkono; nikaushika.
Kile kisanduku bado ki wazi.
Na Msellem amekaa, kichupa mkononi bila kifuniko,
anamsubiri mwanawe
akipatie mahali.